Dalali wa Ujumbe na Nyumba za Buruburu: Usichague Imeji kwa Wepesi Wake

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kazi zilinizidi, na stima za hapa mtaani nazo zina tabia zake. Leo nimepata nafasi, chai iko mezani, magari ya namba 58 yanapiga muziki kule barabarani kama kawaida, na nina jambo ambalo limenikaa rohoni. Nataka tuzungumze kuhusu kuchagua imeji ya RabbitMQ.

Najua wengine mtasema hilo ni jambo dogo. Unaandika jina la imeji kwenye faili, unabonyeza, maisha yanaendelea. Mimi pia nilifikiri hivyo, mpaka Jumamosi moja ya mwaka 2024 nilipodhani nimepoteza oda 43 za watu waliokwisha kulipa. Tangu siku hiyo nina msimamo, na leo nautoa hadharani.

Kwanza tuelewane kwa wale wageni. RabbitMQ ni dalali wa ujumbe. Sisi tunamjua dalali. Ukitaka nyumba ya kupanga hapa Buruburu huzunguki kila geti ukigonga. Unamwachia dalali haja yako, mwenye nyumba naye anamwachia yake, na si lazima nyinyi wawili mkutane kwa wakati mmoja. Dalali wa ujumbe hufanya kazi hiyo kati ya programu na programu. Programu moja inamwachia ujumbe, yeye anauweka kwenye foleni, na programu nyingine inauchukua ikiwa tayari. Huyu wa pili akizimika kwa saa tatu, ujumbe unamsubiri.

Chimbuko lake ni benki. Lugha ambayo RabbitMQ ilijengwa kuizungumza, AMQP, ilianzia JPMorgan Chase mwaka 2003, kwa sababu benki zilichoka na mifumo ya ujumbe iliyokuwa ghali na isiyoelewana. RabbitMQ yenyewe ilitoka mwaka 2007, mwaka ule ule Safaricom ilipozindua M-Pesa. Imeandikwa kwa Erlang, lugha iliyozaliwa kwenye kampuni ya simu ya Ericsson katika miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimika. Basi usiione ni sungura ukadhani ni mchezo.

Sasa, kisa chenyewe.

Nina mteja hapa mtaani, mama mmoja mwenye duka la gesi na maji. Mtu anaagiza mtungi kwa simu, analipa kwa M-Pesa, na kijana wa boda boda anapata ujumbe mfupi wenye namba ya nyumba. Mliowahi kuunganisha mfumo na Daraja mnajua jinsi inavyokwenda. Ukituma ombi la malipo, jibu la kama mtu ameweka namba ya siri au la haliji hapo hapo. Linaletwa baadaye kwenye anwani uliyoitoa, na ni juu yako kulipokea haraka na kulihifadhi. Mimi nilikuwa nalipokea na kulitupa kwenye foleni ya RabbitMQ, kisha programu nyingine inalitoa na kutuma ujumbe kwa kijana wa boda. Kila kitu kinakaa kwenye seva ndogo ya kukodi, ndani ya makontena ya Docker.

Imeji niliyochagua ilikuwa rabbitmq:3.13, ile tupu, isiyo na ukurasa wa usimamizi. Sababu yangu? Ilikuwa nyepesi zaidi, na nilijiambia kwamba mtu wa digrii ya kompyuta hahitaji picha na vitufe.

Ijumaa usiku salio la ujumbe mfupi likaisha. Programu ya kutuma ikakwama, oda zikaanza kurundikana kwenye foleni. Mpaka hapo hakuna ubaya. Foleni ni ya kudumu, ujumbe umeandikwa kwenye diski, dalali anafanya kazi yake. Jumamosi saa mbili asubuhi simu ikalia.

"Kijana wangu, watu wamelipa na hawajaletewa. Mmoja amekuja hapa dukani ananifokea mbele ya wateja."

"Pole sana mama, nashughulikia sasa hivi."

Nikaingia kwenye seva, nikaandika rabbitmqctl list_queues, nikaona 43. Nikashusha pumzi. Oda zipo. Lakini kabla ya kuziachilia nilitaka kuona ndani yake, kwa sababu wengine walikuwa wamelipa mara mbili walipoona kimya. Hapo ndipo nilipogundua kwamba rabbitmqctl itakuambia idadi lakini haitakuonyesha maneno yaliyo ndani ya ujumbe. Kwa hilo unahitaji ukurasa wa usimamizi. Nikasema, si rahisi tu? Nikabadilisha jina kwenye faili likawa rabbitmq:3.13-management, nikaandika docker compose up -d, nikafungua kivinjari.

Foleni: sifuri.

Sikuamini. Nikafungua ukurasa upya. Sifuri. Hakuna kosa popote, hakuna onyo, kila taa ni kijani. Programu zangu zilipoamka hazikuikuta foleni, zikaiunda upya kimya kimya kama nilivyoziagiza. Mimi nimekaa pale na kikombe cha chai kilichopoa, naangalia sifuri, na kule dukani mama wa watu anafokewa.

Nini kilitokea? RabbitMQ huhifadhi data yake kwenye folda yenye jina la nodi, na jina la nodi linatokana na jina la kompyuta. Ndani ya Docker, usipolipa kontena jina, hupewa herufi na tarakimu 12 za kubahatisha, na kila kontena linapoundwa upya jina linabadilika. Nilipobadilisha imeji, Docker ilivunja kontena la zamani ikajenga jipya. Jipya likaamka na jina jipya, likatafuta folda ya jina hilo, halikuikuta, likaanza maisha upya. Hifadhi ya kudumu ilikuwepo muda wote. Data ilikuwa imelala kwenye folda ya jirani, ila hakuna aliyeigongea mlango. Ni kama umehamia geti la tatu halafu unalalamika kwamba barua zako hazifiki, na zote ziko geti la kwanza.

Niliingia kwenye hifadhi, nikaona folda mbili, rabbit@ na tarakimu hizi, rabbit@ na tarakimu zile. Nikasubiri oda chache zilizoingia kwenye foleni mpya zitoke, kisha nikaandika jina la zamani kwenye faili mahali pa hostname, nikawasha tena. 43. Zote. Nadhani majirani walinisikia.

Mama alipata oda zake kabla ya adhuhuri, waliolipa mara mbili wakarudishiwa, na mimi nikapata elimu ambayo chuoni sikupewa. Tena ilikuwa imeandikwa wazi kwenye maelezo ya imeji hiyo kule Docker Hub, kwamba lazima utoe jina la kompyuta ili uweze kufuatilia data yako. Sikuyasoma. Nani husoma?

Haya, sasa tuje kwenye msimamo.

Mkiangalia hizi imeji, majina ni mengi lakini maamuzi ni mawili tu. La kwanza ni msingi, yaani Ubuntu, ambao ndio wa kawaida, au Alpine. La pili ni ukurasa wa usimamizi, yaani unao au huna. Ukizidisha unapata nne: ile tupu, yenye -management, yenye -alpine, na yenye -management-alpine. Mengine yote ni namba za matoleo.

Sisi wa Eastlands tunaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi. Nyumba za Buruburu zilijengwa kwa awamu, Phase One hadi Phase Five, kuanzia miaka ya 1970. Ndani ya awamu moja nyumba zilitoka kwenye ramani zinazofanana. Leo tembea barabara ya Mumias hadi Rabai uone. Huyu ameongeza vyumba vya kupangisha mbele, yule amefungua duka la kunyoa, mwingine amepandisha ghorofa. Ramani moja, nyongeza tofauti. Imeji ni ile ramani. Namba ya toleo ni awamu. Na -management ni ile nyongeza ya mbele.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Nyongeza hiyo tayari iko ndani ya imeji tupu! Programu jalizi ya usimamizi imo, imezimwa tu. Imeji ya -management inajengwa juu ya ile tupu ya toleo lilelile. Wanaiwasha programu jalizi, wanaongeza chombo cha amri kinachoitwa rabbitmqadmin, na wanaruhusu ukusanyaji wa takwimu ambao kwenye ile tupu umezimwa kwa makusudi. Kwa hiyo siku ile ningeweza kuandika rabbitmq-plugins enable rabbitmq_management ndani ya kontena lililokuwa likiendelea, nikalifikia kwa anwani yake ya ndani kutoka kwenye seva, bila kuvunja chochote. Takwimu za kasi zisingeonekana, lakini ujumbe ningeusoma. Haraka haraka haina baraka, wazee walishasema.

Kwa sababu moja imejengwa juu ya nyingine, hoja ya bando nayo inapungua nguvu. Docker hupakua imeji kwa matabaka. Ukiwa na ile tupu tayari, kuhamia -management ya toleo lilelile ni kupakua tabaka za juu peke yake. Lakini ukihama kutoka Ubuntu kwenda Alpine, karibu unaanza kutoka sifuri.

Nije basi kwa Alpine, kwa sababu najua ndiko nitakakopigwa mawe. Vijana wengi wa hapa Nairobi tumelelewa na Alpine kama dini. Tulianza kujifunza kwa bando za kununua, MB mia kwa siku, na imeji yenye msingi wa takriban MB 5 dhidi ya Ubuntu yenye takriban MB 30 ilikuwa habari njema. Sibezi hilo. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo, nikipakua usiku wa manane.

Lakini tufanye hesabu vizuri. Kinachopungua hasa ni msingi. Erlang bado imo, RabbitMQ yenyewe bado imo, OpenSSL bado imo, maana dalali hawezi kufanya kazi bila hivyo. Na imeji ya dalali huipakui kila siku. Si kama programu yako unayoibadilisha mara kumi kwa siku. Dalali unampakua mara moja, anakaa miezi. Unaokoa bando la siku moja, kisha unalipa nini?

Unalipa tofauti. Alpine inatumia maktaba ya musl badala ya glibc, na amri zake nyingi ni za BusyBox. Maelekezo mengi utakayoyakuta mtandaoni yameandikwa na mtu aliyekaa mbele ya Debian au Ubuntu. Mfano halisi ni kwamba mpaka toleo la 1.2.4 la mwezi Mei 2023, musl haikuweza kurudia swali la DNS kwa njia ya TCP pale jibu lilipokuwa kubwa mno. Watu walipoteza usiku mzima wakitafuta kwa nini jina fulani halipatikani ndani ya kontena na nje linapatikana. Hilo limerekebishwa, lakini ndilo aina ya deni ninalolisema. Saa nane za usiku, mteja akikupigia, hutakumbuka MB 25 ulizookoa.

Haki yake nayo nimpe. Alpine ina vitu vichache ndani, kwa hiyo vya kudukuliwa ni vichache, na anayekagua usalama ataona orodha fupi ya kasoro. Kama kazini kwenu kila kitu ni Alpine na mnaijua kama kiganja cha mkono, endeleeni, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na yule anayeichagua kwa sababu jina lake ni fupi na alimwona mtu mwingine akiitumia.

Sasa ukurasa wa usimamizi. Wakubwa wa kazi hii watakuambia kwamba kwenye mfumo halisi usiuweke. Utumie Prometheus kukusanya takwimu, na kweli imeji zote hizi zinakuja na programu jalizi ya Prometheus tayari imewashwa kwenye poti 15692. Ni ushauri mzuri kwa kampuni yenye watu wa zamu, skrini ukutani na mtu wa kuziangalia. Lakini biashara ya gesi pale mtaani haina mtu wa zamu. Mtu wa zamu ni mimi, nikiwa kwenye matatu, simu mkononi. Mimi nahitaji kuona foleni, kuona ujumbe, na kuelewa kwa dakika mbili. Kwangu -management inashinda, hata kama inakula kumbukumbu kidogo zaidi.

Ila uiwekee kufuli. Tafadhali sana. Imeji hii inakuja na mtumiaji guest, nywila guest. Kwa kawaida RabbitMQ humkataa guest akitokea nje ya kompyuta yenyewe, lakini imeji ya Docker imelegeza sheria hiyo ili mambo yawe rahisi. Sasa ukiandika poti 15672:15672 kwenye faili lako, umefungulia dunia nzima. Na usijidanganye kwamba umeweka ufw, kwa sababu Docker huandika sheria zake za mtandao zinazopita pembeni ya ufw. Andika 127.0.0.1:15672:15672, kisha uifikie kwa njia ya SSH. Na uweke jina na nywila yako kwa RABBITMQ_DEFAULT_USER na RABBITMQ_DEFAULT_PASS kabla ya kuwasha mara ya kwanza, maana vinasomwa wakati hifadhidata inaundwa tu. Ukivibadilisha baadaye havitafanya lolote, na utashangaa kwa nini.

La mwisho, na labda kubwa kuliko yote, ni namba. Usitumie latest. Septemba 2024 RabbitMQ 4.0 ilitoka, na foleni za kurudufiwa za mtindo wa zamani ziliondolewa kabisa. Ukitaka kuhamia huko ni lazima kwanza uwe 3.13, na vipengele vyake vinavyohitajika viwe vimewashwa. Aliyekuwa na latest na toleo la nyuma zaidi, akapakua upya bila kufikiri, dalali wake alikataa kuamka. Namba kwenye jina la imeji ni kufuli. Kuifungua kuwe uamuzi wako, mchana, ukiwa umelala vizuri na umehifadhi nakala.

Kwa hiyo faili langu siku hizi lina mistari hii, na ndiyo ninayowashauri:

image: rabbitmq:4.1-management
hostname: dalali
ports: ["127.0.0.1:15672:15672"]
volumes: ["data-ya-dalali:/var/lib/rabbitmq"]

Weka namba ya toleo unalolijua na linaloungwa mkono, yangu ni mfano tu. Lakini ule mstari wa pili, hostname, usiuache hata ukisahau jina lako.

Kuna atakayeuliza, je, duka la gesi linahitaji RabbitMQ kweli? Swali zuri. Oda mia kwa siku zingetosha kwenye jedwali moja la PostgreSQL, na kama ningeanza leo huenda ningefanya hivyo. Lakini mfumo upo, unafanya kazi, na mama anategemea.

Ninachotaka mbaki nacho ni hiki. Tunapochagua imeji tunajiuliza ni nyepesi kiasi gani, inawaka upesi kiasi gani. Hayo ni maswali ya siku ya kwanza. Swali la kweli ni la siku ya mia mbili, pale kitu kimekwama na mtu amelipa: je, nitaweza kuona ndani? Na nikiizima na kuiwasha, nitakuta vilivyokuwemo? Yule mama hajui Alpine ni nini na hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba mteja alimfokea mbele ya watu kwa sababu ya mistari minne niliyoiandika bila kusoma.

Kama una maoni tofauti, hasa nyinyi wa Alpine, andikeni hapo chini, sitafuta. Na kama kuna fundi anayejua njia bora ya kuhamisha foleni kutoka folda moja hadi nyingine, atufundishe sote. Mimi sasa naenda kununua mtungi, na mnajua nitaagiza wapi.

Kwaherini kwa leo.